Mama wa Madaftari Arobaini na Moja

Mwalimu Nukta alirudi kutoka semina na vitu vitatu: bahasha ya kaki, kalamu ya bure na wazo jipya. Kalamu ilikata wino siku ya pili. Bahasha ilikunjwa ikawekwa chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba. Wazo ndilo lililomletea balaa.

Jina la Nukta alipewa na wanafunzi wake wa darasa la nne. Ukimpelekea sentensi isiyo na nukta mwishoni, aligonga pale patupu kwa kidole na kuuliza, "Hii bado inakwenda? Inakwenda wapi?" Alikuwa na miaka arobaini, mwembamba, sauti kavu, sketi imepigwa pasi hata ungeweza kujikata nayo. Walimu wenzake nao walimwita hivyo hivyo akiwapa mgongo. Alijua, akanyamaza. Yapo mengi aliyoyajua akayanyamazia, na kubwa kuliko yote lilikuwa la mama yake.

Ukimwuliza habari za mama yake alijibu, "Marehemu." Utasema pole, naye atasema ahsante, mazungumzo yamekwisha. Lakini uongo haukosi mwenyewe, na mwenye uongo huu alijua vizuri kwamba hakuna aliyewahi kumwambia mama yake amekufa. Mama aliondoka tu, asubuhi moja, binti akiwa na miaka tisa. Bibi upande wa baba akapiga marufuku jina lake lisitajwe, na ile nyumba yao ya nyuma ya tangi la maji ikafanya kama vile hapakuwahi kuwa na mke pale. Sasa wewe niambie, mtoto atasema nini kwa watu? Aliyekufa hana maswali. Aliyeondoka ana maswali mia, na Mwalimu Nukta katika umri wake wote alikuwa amebaki na moja tu, la kulala nalo na kuamka nalo: huko aliko, ananikumbuka? Hakutaka kujua aliondoka kwa nini. Alitaka kujua hilo tu.

Haya, tuje kwenye wazo. Mkufunzi wa semina, bwana mmoja mwenye miwani na haraka nyingi, alisema kwamba watoto wetu wanasoma kwa macho tu, kichwani hamwingii kitu. Mtoto akisoma afundishwe kusimama njiani ajiulize: hili limewahi kunipata mimi? Nimewahi kuliona duniani? Basi aandike, "Hii inanikumbusha," halafu amalizie mwenyewe. Hapo kitabu kinakuwa chake. Walimu walipiga makofi, wakanywa soda, wakarudi makwao kuendelea kuandika ubaoni ili watoto wanakili, kama tulivyonakili sisi na baba zetu. Mwalimu Nukta peke yake ndiye aliyeshikwa. Asijue mwenyewe kwa nini lile neno "inanikumbusha" lilimganda.

Jumatatu akawafungulia kitabu cha darasa. Kisa chenyewe kilikuwa cha kurasa tatu: msichana anakaa kizingitini akimngoja kaka yake aliyetumwa dukani akachelewa. Jua linakwenda, msichana anangoja. Mwishoni kaka anarudi. Kumbe alisimama kutazama mpira. Wakasoma kwa zamu, kila mtu aya yake, vizuri, bila kujikwaa.

"Sasa," akasema mwalimu, "kisa hiki kinakukumbusha nini?"

Watoto arobaini na mmoja wakamtazama kama wanaotazama daktari wa meno. Mkono mmoja ukapanda nyuma.

"Kinanikumbusha ukurasa wa kumi na mbili, mwalimu."

"Ukurasa wa kumi na mbili una nini?"

"Una msichana mwingine."

Mwingine akasema kinamkumbusha mtihani. Wa tatu akasema kinamkumbusha kisa hikihiki, walikisoma mwaka jana darasa la tatu. Mwalimu akauma mdomo. Alikuwa amejiandalia mfano tangu nyumbani, mfano mwepesi usio na mwiba: paka wake alipotea siku tatu, akamngoja dirishani. Akafungua kinywa aseme paka.

Hakusema paka. Mpaka leo hajui ilikuwaje. Alisikia tu sauti yake inatoka.

"Mimi kinanikumbusha mama yangu. Aliondoka nikiwa na miaka tisa. Siku ile aliamka mapema akakunja mashuka yote ya nyumba. Mama alikuwa na namna yake. Alikunja shuka mara tatu, si mara nne, akaweka karatasi ya sabuni katikati ili linukie, halafu akalipigia goti mpaka likalala. Akaja kitandani kwangu akalivuta hata lile nililojifunika, polepole, akalikunja. Nikamwuliza, mama unakwenda wapi? Akasema, lala, narudi sasa hivi. Nikakaa kizingitini mpaka jua likazama. Kesho yake nikakaa tena."

Kisha vichwa arobaini na moja vikainama, kalamu zikaanza kukwaruza, na mwalimu moyo ukamjaa. Wameelewa! Kumbe mtu ukitoa kilicho chako, na wengine wanatoa chao. Kengele ikalia wakiwa bado wanaandika. "Kamalizieni nyumbani," akasema. "Mzazi asome, aweke sahihi."

Akatoka na vumbi la chaki kwenye mikono na furaha ya mtu aliyetua mzigo.

Kesho yake, kabla hata hajaingia langoni, akamkuta fundi baiskeli amesimama na grisi mpaka kwenye viwiko.

"Mwalimu," fundi akasema, na alikuwa bado anahema, "jana nimesoma daftari la mwanangu, limeandikwa mama yake ameondoka. Nimeacha gurudumu la mteja linaning'inia, nimekimbia nyumbani mtaa mzima unanitazama. Namkuta mke wangu anachagua mchele! Ananiuliza nimefukuzwa na mbwa? Nimwambie nini?"

Nyuma yake alisimama mama mmoja na kitoto mgongoni. "Mimi niliondoka lini?" akauliza. "Mwalimu, nionyeshe hiyo siku niliyoondoka. Mimi hata sokoni sijaenda tangu Jumamosi!"

Saa mbili na nusu mwalimu mkuu akamwita ofisini. Mwalimu mkuu alikuwa mtu mzima mwenye tumbo la amani na suti moja. Meza yake ilikuwa imejaa madaftari.

"Kaa," akasema. "Tangu asubuhi nimepokea wazazi saba, na wote wanadai hawajatoroka nyumba zao. Hebu soma."

Mwalimu Nukta akafungua la kwanza. "Hii inanikumbusha mama yangu. Aliondoka nikiwa na miaka tisa. Siku ile aliamka mapema akakunja mashuka yote ya nyumba." Akafungua la pili. Mama yuleyule, mashuka yaleyale. La tatu, la nne, la kumi. Mmoja ana miaka minane, ameshaachwa akiwa na tisa. Mmoja analelewa na baba tangu azaliwe, naye kakunjiwa shuka. Watoto arobaini na mmoja walifanya walichofundishwa tangu siku ya kwanza ya shule: mwalimu akisema, nakili. Na wote, bila kukosea hata mmoja, waliweka nukta.

Angecheka kama angeweza. Alisoma "nikakaa kizingitini" mara arobaini na moja, kwa mwandiko wa kila aina, mnene na mwembamba, uliolala na uliosimama, na kila mara ilikuwa ni yeye. Chini yake sahihi za wazazi. Jambo alilolificha miaka thelathini na moja lilikuwa limelala usiku mmoja katika nyumba arobaini na moja za mji.

"Mwalimu," mwalimu mkuu akashusha sauti, "si uliniambia mama yako ni marehemu?"

"Nilikwambia hivyo."

"Sasa?"

"Sasa nimewaambia watoto vingine."

Mwalimu mkuu akapangusa meza isiyo na vumbi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu asiyependa wazazi langoni. "Hii njia ya semina tuiache. Waandikie ubaoni, wanakili, wafaulu. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini tusiendelee kuyamwaga."

"Nipe kipindi kimoja," Mwalimu Nukta akasema. "Niwaeleze kosa langu. Kikishindikana naacha."

"Kimoja. Na mimi nitakaa nyuma."

Jioni ile, watoto wameshatoka, mwalimu akiwa peke yake darasani anafuta ubao, mlango ukajaa. Ndiyo, ulijaa: aliyeingia alikuwa mama mkubwa wa mwili, mikono minene iliyochujuka kwa dawa ya kufulia, harufu ya sabuni imemtangulia hatua tatu. Huyu alikuwa dobi wa hospitali, na watu wote walimwita Mama Pengo kwa sababu ya binti yake. Pengo mwenyewe alikuwa msichana wa dawati la mbele, miaka kumi, jino la mbele halipo na pengo hataki kulifunika. Alisoma vizuri na kusema kidogo.

"Shikamoo mwalimu," Mama Pengo akasema, ingawa walikuwa karibu rika moja. Ni heshima ya mwalimu tu.

"Marahaba. Karibu. Najua kilichokuleta, naomba unisamehe."

"Ngoja kwanza nikasirike, nimetoka na hasira yangu mbali." Akakaa kwenye dawati, dawati likalalamika. "Jana naletewa daftari. Nasoma mama ameondoka. Mwalimu, nilihisi kisu. Kwa sababu mimi niliondoka kweli. Huyu mtoto nilimwacha kwa mama yangu ana miaka miwili, nikaenda kutafuta, nikarudi ana sita. Nikajua leo kanishtaki. Nimelia mimi, hata kusoma nikashindwa. Baadaye nikajikaza, nikasoma mpaka mwisho." Akajipangusa uso kwa kiganja. "Nikafika kwenye mashuka."

"Hayo ni maneno yangu, si yake. Watoto walinakili."

"Ameniambia. Ndiyo maana nimekuja. Mwalimu, hayo mashuka umeyatoa wapi?"

Mwalimu akaweka kifutio chini. "Ni mama yangu. Ndivyo alivyokunja."

"Mara tatu?"

"Mara tatu."

"Karatasi ya sabuni katikati, halafu goti." Mama Pengo alikuwa anatikisa kichwa taratibu. "Nimefua mashuka miaka minane sasa. Nimefanya kazi na wanawake chungu nzima. Mtu anayepigia shuka goti nimemwona mmoja tu. Ndiye aliyenifundisha kazi. Nyumba ya wageni, mji wa pili huko, tulilala hapohapo kazini, chumba cha nyuma. Alinikuta mjinga hata kuchemsha maji sijui, akaniambia, njoo hapa, wewe utaunguza watu." Akamtazama mwalimu usoni, akaangalia pua, akaangalia paji la uso. "Mungu wangu. Na hicho kidevu."

Mwalimu akavuta kiti. Akakaa. Neno hai hakuthubutu kulitamka. Alilinyemelea kwa mbali, kwa uoga.

"Yupo?"

"Yupo! Ana nguvu kuliko mimi. Aliacha kazi miaka minne iliyopita, akaolewa na mzee mmoja mjane, mtu wa heshima, ana wajukuu. Ananipigia mara mojamoja. Namba yake ninayo."

Hapo ndipo Mwalimu Nukta alipouliza lile swali lake. Alikuwa amelibeba miaka thelathini na moja, likatoka dogo, kwa sauti ya mtoto.

"Aliwahi kunitaja?"

Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. Watu wengi wangesema ndiyo, wakajiita wema. Lakini dobi amezoea doa: analiangalia lilivyo.

"Hapana," akasema. "Nisikudanganye mwalimu. Miaka minne tumelala chumba kimoja. Alikuwa akisema hakujaliwa mtoto. Hata mumewe anajua hivyo."

Hakujaliwa mtoto. Mwalimu Nukta aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayeambiwa bei. Akasema ahsante. Akapokea kipande cha karatasi chenye namba, akasikia maelezo kwamba akipiga, akapokea mtu mwingine, asijitambulishe, asije akamharibia mwenzie nyumba. Akasema ahsante tena. Mama Pengo alisimama mlangoni kana kwamba ana jambo bado, akalishika, akalimeza, akaondoka.

Yule aliyebaki darasani alilia. Si kwa kelele. Alilia akiwa amekaa wima, mikono juu ya dawati, kama mwanafunzi aliyeambiwa asubiri. Yeye aliwaambia watu mama yake amekufa, na huku mama naye aliwaambia watu hakuzaa. Ngoma droo, kama wasemavyo watoto. Lakini alichokuwa akikitaka hakikuwa ushindi. Alimtaka mama yake. Alimtaka mpaka mifupa ikamuuma, na sasa kumtaka kulikuwa na aibu ndani yake, maana utamtakaje mtu ambaye kwake wewe hukuzaliwa?

Siku mbili ile karatasi ilikaa kwenye pochi yake. Aliitoa akaitazama, akairudisha. Akaitoa akiwa jikoni, akaitoa akiwa kwenye foleni ya maji. Namba aliijua kwa moyo kabla ya Jumatano kwisha. Hakupiga. Nimpigie nimwambie nini, alijiambia, kwamba mtoto ambaye hukujaliwa anakusalimu?

Alhamisi ikaja na kipindi chake kimoja. Mwalimu mkuu alikaa nyuma kabisa, magoti yamegonga chini ya dawati dogo. Mwalimu Nukta akasimama mbele bila chaki.

"Wekeni kalamu chini," akasema. "Zote. Hata wewe." Akangoja. "Nilichowasimulia Jumatatu ni changu. Mama ni wangu, shuka ni langu, kizingiti ni changu. Nyinyi mlininakili, na kosa ni langu mimi, kwa sababu sijawahi kuwaambia kwamba kuna vitu havinakiliwi. Leo sitaandika ubaoni. Leo sitatoa mfano. Kila mtu asome tena kile kisa kimoyomoyo, na mahali kitakapomshika, asimame hapohapo. Kikimshika kwa kuku, aandike kuku. Kisipomshika popote aandike hakijanishika. Sitakasirika."

"Na nukta, mwalimu?" akauliza mmoja.

"Hata nukta leo nimewasamehe."

Wakacheka, kicheko kikalegeza mabega. Wakasoma. Mwanzo walitazamana, wakachungulia daftari la jirani, kwa mazoea. Na jirani alikuwa hana kitu naye. Kisha mmoja akaanza, na mwingine. Mwalimu akapita kati ya madawati. Mtoto wa fundi baiskeli alikuwa anaandika habari za siku baba yake alipokuja nyumbani mbio, na jinsi mama alivyocheka hadi mchele ukamwagika. Yule aliyelelewa na baba aliandika mistari miwili: kwamba yeye hamngoji mtu, ila anajiuliza kama yupo anayemngoja yeye. Mmoja aliandika, "Hakijanishika." Mwalimu akamwekea alama ya vema. Huko nyuma mwalimu mkuu aliomba karatasi.

Akafika dawati la mbele. Pengo alikuwa amemaliza, kalamu ameilaza, mikono ameikunja. Mwalimu akainama akasoma.

"Hii inanikumbusha barabara. Mama alifanya kazi nyumba ya wageni. Mwenye nyumba hakutaka mwanamke mwenye mtoto, alikuwa anauliza mlangoni una mtoto? Ukisema ndiyo unarudi. Mama alisema hana. Jumapili bibi alinipeleka, tukasimama ng'ambo ya barabara. Mama akatoka kuanika mashuka akaniangalia. Alikuwa haruhusiwi kunipungia. Alijikuna sikio, ndiyo salamu yetu, na mimi najikuna langu. Mama anasema pale walikuwa wanawake saba na wote hawakuzaa. Lakini Jumapili ng'ambo ya barabara tulikuwa watoto wengi"

Hakuna nukta.

Mwalimu alisoma mara ya pili. Akabaki ameinama hivyo hivyo, mkono juu ya dawati, mpaka Pengo akamwuliza kwa kunong'ona kama amekosea.

"Hapana," mwalimu akasema. "Hukukosea."

Una mtoto? Mlangoni. Akamwona mama yake, kijana bado, na kifurushi chake, ametoka nyumba ambayo bibi upande wa baba alisema mtoto haondoki hapa, anaulizwa swali hilo na mtu mwenye funguo. Ukisema ndiyo unarudi, na kwake hapakuwa na pa kurudi. Akasema hana. Na neno la mlangoni ni gumu kulifuta. Ukishalisema kwa mwenye nyumba unalisema kwa wenzako, ukilisema kwa wenzako utalisema kwa mume. Siri ya mtungi aijuaye kata. Wale sita walikuwa na watu ng'ambo ya barabara wa kuwakana kimya kimya kila Jumapili. Wa saba hakuwa na mtu. Aliweka mashuka kwenye kamba, akatazama ng'ambo, akaona watoto wa wenzake. Miaka ishirini na zaidi. Hakika alitazama! Nani ataniambia hakutazama? Palikuwa na nafasi pale ukingoni mwa barabara, nafasi ya mtoto mmoja, na mtoto mwenyewe alikuwa amekaa kizingitini mji mwingine, akimsubiri mtu asiyeijua njia ya kurudi.

Huo ulikuwa ukweli, au ulikuwa njaa tu ya moyo wake inayojipikia? Mwalimu Nukta hakujua. Lakini kwa mara ya kwanza alikuwa amepata namna ya kulisoma lile neno "hakujaliwa", na aliyemwonyesha alikuwa na miaka kumi na pengo mdomoni.

Kengele ikalia. Watoto wakatoka kwa fujo yao. Mwalimu mkuu akainuka kwa shida, akakunja karatasi yake mara nyingi, akaitia mfukoni mwa ndani wa koti. "Endelea na hiyo njia yako," akasema, akapiga chafya ambayo haikuwa chafya, akatoka.

Mwalimu akafunga mlango. Jua la alasiri lilikuwa limeingia mpaka dawati la tatu. Akakaa, akatoa simu, akapiga ile namba bila kuitazama karatasi, akakata. Akapiga tena.

"Halo!" Sauti ya mtoto, imejaa chakula. "Nani?"

"Naomba kuongea na bibi."

"Biiibi! Simu yako!"

Kukawa na kelele za nyumba ya watu: sufuria, televisheni, mzee anakohoa. Kisha sauti ya mwanamke ikauliza kwa mbali ni nani, na mtoto akajibu sijui, mwanamke. Simu ikapokewa kwa mikono miwili, ilisikika hivyo.

"Halo."

Mwalimu alikuwa ameandaa sentensi nne. Zote zilimkimbia. Sauti ile ilikuwa imezeeka, imekwaruza, lakini ilikuwa ileile, na mwili wake wote ukaitambua kabla ya masikio.

"Mimi napiga," akasema, "napiga kutoka kwenye ile nyumba ya nyuma ya tangi la maji."

Televisheni iliendelea kucheka peke yake. Mwalimu akadhani simu imekatika, akaitoa sikioni akaitazama. Sekunde zilikuwa zinahesabu. Akairudisha.

"Aa!" ile sauti ikasema, kubwa mno, sauti ya kusikiwa na watu wa ndani. "Sikusikii vizuri! Hapa mtandao unasumbua. Ngoja, ngoja nitoke nje."

"Nani huyo?" mzee akauliza.

"Mtu wa kazini, wa zamani."

Ndala zikaburura sakafuni. Mlango ukafunguka, ukafungwa. Ndala tena, kwa haraka sasa, kwenye kokoto, haraka kuliko umri wa mwenye ndala. Mlango mwingine, wa bati. Upepo ukaingia kwenye simu, gari likapita, na ndala zikaendelea kwenda, kwenda, mbali na ile nyumba, mpaka zikasimama. Mwalimu Nukta alizisikiliza zote, hatua kwa hatua. Ziliondoka kuja kwake.

Zikafuata pumzi za mtu anayehema.

"Sema sasa, mwanangu," mama akasema, taratibu. "Huku hakuna mtu."

"Mama," akasema. Miaka thelathini na moja hakuwa amemwita mtu yeyote hivyo. Na upande wa pili, kando ya barabara asiyoijua, mtu mzima akaanza kulia kwa sauti ya chini, akijizuia asisikike nyumbani.